Mabano Haya ni ya Nani?

Sisi walimu wa fasihi huandika jina, mwaka na ukurasa ndani ya mabano kana kwamba mtindo huo tuliuanzisha wenyewe. La hasha. Mfano wa kwanza unaofahamika ni wa mwaka 1881, katika utafiti wa Edward Laurens Mark wa Chuo Kikuu cha Harvard kuhusu mayai ya konokono asiye na kombe. (Naam, konokono!) Hadi leo mtindo huo huitwa wa Harvard.

Wahandisi walishika njia nyingine. Katika majarida ya IEEE, taasisi iliyoundwa Marekani mwaka 1963, kila chanzo hupewa nambari katika mabano ya mraba. Kinachotajwa kwanza ni [1]. Kikirejelewa tena hubaki na nambari iyo hiyo, na orodha ya marejeleo hufuata nambari, si alfabeti. Ukurasa huwa mwepesi, ila jina la aliyesema hufichika hadi mwisho wa makala. Mhandisi huenda asijali. Mhakiki hana budi kujali: maoni kuhusu riwaya yaliyotolewa 1975 na yale ya 2005 yalizaliwa katika mazingira tofauti, na [7] haimwonyeshi msomaji tofauti hiyo.