Kurekodi Upya na Umiliki wa Sauti: Kutoka "Malaika" hadi Metali ya Nairobi

Wapo wahakiki wa muziki wa metali, yaani tawi la roki lenye magitaa mazito ya umeme na ngoma za kasi, wanaoshikilia kwamba bendi inayorudi studio kurekodi upya nyimbo zake za mwanzo hujighushi yenyewe, kwa kuwa uhalisi umo katika rekodi ya kwanza pekee. Mfano unaowafaa ni Exodus ya Marekani, ambayo mwaka 2008 ilirekodi upya nyimbo zote tisa za albamu yake ya 1985, Bonded by Blood. Kati ya wanamuziki watano wa awali walibaki mpiga gitaa Gary Holt na mpiga ngoma Tom Hunting tu. Mwimbaji Paul Baloff alifariki mwaka 2002, na Rob Dukes ndiye aliyeimba. Kwamba sauti ya Baloff haina mbadala ni jambo lisilohitaji mjadala, lakini kudai kwa sababu hiyo kwamba kila rekodi ya pili ni kivuli ni kuvuka mpaka wa ushahidi, na historia ya Nairobi inalikanusha dai hilo.

Mwanamuziki wa Kenya Fadhili William alirekodi wimbo "Malaika" mwaka 1960 akiwa na bendi ya Jambo Boys, akaurekodi tena mwaka 1963 katika studio ya Equator Sound ya Charles Worrod jijini Nairobi, wala hakuna msikilizaji anayeliona toleo hilo la pili kuwa ghushi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hutenganisha utunzi na rekodi ya sauti: rekodi hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipofanywa, ilhali utunzi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa rekodi ya 1960 ulikoma mwishoni mwa 2010 na wa ile ya 1963 mwishoni mwa 2013, lakini iwapo Fadhili, aliyefariki mwaka 2001, ndiye mtunzi (Adam Salim naye alidai utunzi huo), wimbo wenyewe unalindwa hadi mwisho wa 2051. Kila safari ya studio, basi, huzaa mali mpya yenye umri wake na mwenyewe.

Huenda ikapingwa kwamba mwenyewe huyo anaweza kuwa studio, si msanii. Pingamizi hilo lina uzito, kwani rekodi mpya humnufaisha yule aliyetajwa na mkataba. Bendi ya roki ya Uingereza Def Leppard, kwa mfano, ilirekodi upya baadhi ya nyimbo zake mwaka 2012 ikiwa katika mgogoro na kampuni yake ya kurekodi kuhusu malipo ya mauzo ya kidijitali. Metali ya Nairobi nayo imeshafikia umri wa kukabili suala hili la mikataba: Martin Khanja na Sam Karugu, wawili waliounda kundi la Duma la jijini humo, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Bendi changa inayofanyia mazoezi Dagoretti Corner, Nairobi, kabla ya kutia sahihi mkataba, inapaswa kukisoma kwanza kifungu kinachomzuia msanii kurekodi upya wimbo uleule kwa miaka kadhaa, na kudai muda huo ufupishwe.