Vali Iliyodanganywa

Baba aliniachia Peugeot 504 stesheni wagoni, pamoja na kesi yake. Miaka ya tisini, ikielekea Nakuru imejaa watu na magunia, ilikataa kusimama kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Baba aliigongesha kwenye ukuta wa mlima ili isiende bondeni. Hakuna aliyekufa, lakini hakubeba abiria tena.

504 ilizinduliwa 1968. Ulaya waliacha kuiunda 1983. Kenya tuliendelea kuiunganisha kwa miaka mingi. Tangazo la Rais Kenyatta la 1973 lilikuwa limeziondolea matatu masharti ya leseni, na wagoni hii yenye safu tatu za viti ikawa mfalme wa safari ndefu. Nani hakumbuki Pijo za Nakuru?

Waliyoiunda walijua itabeba mzigo. Ukikanyaga breki, uzito unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi. Tairi za nyuma zikijifunga kwanza, gari linazunguka. Kwa hivyo wakaweka vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Mzigo ukiteremsha bodi, vali inapeleka nguvu zaidi kwa breki za nyuma. Gari likiwa tupu, inabana.

Mwaka jana niliipeleka Kirinyaga Road. Vijana wawili waliiinua kwa jeki, wakabadilisha silinda za nyuma, wakaanza kutoa hewa. Mafuta ya breki yakatoka matone tu.

"Vali imekufa, boss. Tuitoe tu."

Mzee mmoja makanika akacheka. "Kwanza shusheni gari."

Tairi zikining'inia, vali inadhani gari halina kitu, inabana. Zilipokanyaga chini, mafuta yakaja. Mzee akalala chini ya gari, akakaa kimya kidogo.

"Nani aliinua hizi springi?"

Ni baba. Aliziinua ili ibebe zaidi, kama wenzake wote wa barabara ile. Lakini mkono wa vali haukurekebishwa. Hata gari likijaa pomoni, mgongo haukushuka vya kutosha, na vali iliamini ni tupu. Breki za mbele zilifanya kazi karibu peke yake mteremko mzima, hadi zikachemka.

Mzee alirekebisha mkono ule, kisha tukaijaribu polepole kwenye uwanja mtupu, tukihakikisha nyuma haijifungi kabla ya mbele. "Mngeitoa," akawaambia vijana, "siku ya mvua, bila mzigo, ingewageuza ikaangalia ilikotoka."

Jioni nilimpigia mama. Akaniambia kitu ambacho baba hakuwahi kuniambia: "Alikufa akiamini alichelewa kukanyaga."

"Hakuchelewa, mama," nikamwambia.

Ya springi sikumwambia.