Jina la Mji wa Manila: Asili na Maana Yake

Mji wa Manila, ulio mlangoni mwa mto Pasig katika kisiwa cha Luzon, nchini Ufilipino, ulikuwapo kabla Wahispania hawajautwaa mwaka 1571. Wenyeji wake, Watagalogi, waliuita Maynila. Asili ya jina hilo imeelezwa kwa njia mbili.

Maelezo yapendwayo na wengi ni kwamba jina latokana na may nilad, yaani "penye nilad". Nilad ni mti mdogo wa maua meupe uotao penye mikoko. Maelezo haya yavutia, kwani huupa mji asili ya kienyeji kabisa. Hata hivyo, hayapatani na kanuni za lugha. Wasemaji wa Kitagalogi hawana desturi ya kudondosha d iliyo mwishoni mwa neno, wala haionekani sababu ya kuidondosha katika jina hili peke yake.

Maelezo ya pili ni may nila, "penye nila", yaani mmea utoao rangi ya nili. Muundo huu ni wa kawaida: Meycauayan, mji ulio kaskazini ya Manila, maana yake ni "penye mianzi". Yafaa ikumbukwe kwamba jina lataja mmea tu. Biashara kubwa ya nili chini ya Wahispania ilianza katika karne ya 18.

Lakini nila lenyewe si neno la asili ya visiwa hivyo. Neno la kale la mmea huo limehifadhiwa katika Kiilokano, tayum. Katika Kisebuano, tagum. Na katika Kimalei, tarum. Nila ni neno la Kisanskriti lililofika kwa biashara ya baharini, yaelekea kwa kupitia Kimalei.

Neno hilo hilo lilisafiri magharibi pia. Waajemi na Waarabu walilitamka nil. Kwao Waswahili wakapata nili, na Wahispania añil. Basi waliouteka mji huo walikuja na ndugu ya jina lake vinywani mwao.

Atakayechelea kwamba asili hii yaupunguzia mji utaifa wake hana haja ya kuchelea. May ni Kitagalogi halisi, nacho ndicho kilicholipokea neno geni na kulifanya jina la nyumbani, kama vile Mswahili asemapo nili asivyodhani kwamba asema lugha ya watu.