Msimu wa mpira, mvua na masomo: Lubumbashi inapangiwa na nani?

Lubumbashi – Mwaka 1939, watawa Wabenedikto waliokuwa wanaongoza Institut Saint-Boniface waliunda timu ya mpira kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakuelekea upadri. Muji ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Timu ikapewa jina la Saint-Georges. Ndiyo hiyo iliyokuja kuitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, na leo ni TP Mazembe. Familia nyingi zilizohamia hapa kwa sababu ya vita zinaijua Mazembe ya makombe, lakini mzizi wake ni shule.

Timu ya shule inacheza kufuatana na masomo. Timu kubwa inapangiwa tarehe na watu wa mbali, na tarehe inaweza kutoa kombe. Mwaka 1967 Englebert na Asante Kotoko ya Ghana walitoka sare mara mbili kwenye fainali ya Afrika, 1-1 kule Kumasi na 2-2 Kinshasa. Mechi ya tatu ikapangwa Yaoundé, mwezi wa kumi na mbili. Kotoko hawakuonekana: shirikisho la nchi yao halikuwafikishia habari ya tarehe. Kombe likaja Lubumbashi bila mpira kuchezwa. Ni ushindi halali, ingawa kila mchezaji angependa kuupata uwanjani.

Kwa miaka mingi Ligi ya Mabingwa ya Afrika ilianza mapema mwakani na kuisha mwezi wa kumi na moja. Mazembe ilichukua kombe mwezi huo mwaka 2009, 2010 na 2015, wakati mvua zinaanza hapa kwetu. Lubumbashi inapata milimita kama 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu. Kiangazi chote, toka mwezi wa tano hadi wa tisa, uwanja ni mkavu, vumbi tu.

Mwezi wa saba 2017, CAF ilikutana Rabat, Morocco, ikageuza kalenda: msimu wa vilabu uanze kati ya mwezi wa nane na wa tisa, umalizike mwezi wa tano, kama Ulaya. Ili kuingia katika mpango huo, msimu wa 2018-19 ulibanwa, ukaanza mara tu ule wa 2018 ulipoisha. Mazembe ilifika nusu fainali, ikatolewa na Espérance ya Tunisia.

Kwa mwanafunzi anayecheza, badiliko hili lina pande mbili. Msimu sasa unafanana na mwaka wa masomo wa Kongo, unaoanza mwezi wa tisa. Zamani ulikuwa unakata miaka miwili ya shule. Lakini mechi za uamuzi zinaangukia wakati wa kujiandaa kwa Examen d'État, na sehemu kubwa ya msimu inachezwa kwenye matope. Na mtoto wa familia iliyohama, akifika mjini mwezi wa kwanza, anakuta msimu umefika katikati na majina yamekwisha kuandikwa.

CAF yenyewe ilirudi nyuma kuhusu Kombe la Mataifa: lile la Côte d'Ivoire lilitolewa katikati ya mwaka 2023, likachezwa mwezi wa kwanza 2024, kwa sababu ya mvua za kule. Mvua za Lubumbashi hazijapata bado heshima hiyo.