Ufuo wa Paje

Ufuo wa Paje uko pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, katika Mkoa wa Unguja Kusini, Zanzibar (Tanzania). Wageni wengi huja kuteleza juu ya maji kwa tiara wakati wa pepo za kaskazi (Desemba hadi Machi) na kusi (Juni hadi Septemba). Mwamba wa matumbawe huzuia mawimbi makubwa, hivyo maji ya ndani ni matulivu na ya kina kifupi. Wakati wa bamvua bahari hupwa mbali sana, na hapo kinachowezekana ni kutembea au kuendesha baiskeli.

Maji yakipwa, wanawake wa kijiji huingia kwenye mashamba ya mwani, zao linalolimwa hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Bahari ikijaa, vigingi na kamba za mashamba hayo hazionekani. Mtelezaji asiyejua mahali zilipo anaweza kuumia, na mkulima akapoteza mavuno yake.