Samani za kale na za kisasa, Mbeya na Iringa

Kuchanganya samani za kale na za kisasa ni namna ya kupamba nyumba ambapo vyombo vya zamani hukaa chumba kimoja na makochi, meza na makabati ya siku hizi. Mbeya na Iringa chombo cha kale mara nyingi hakinunuliwi kama kitu adimu. Ni kabati la babu, kigoda, chungu au kikapu kilichokuwa kikitumika jikoni hadi juzi.

Vikapu, vyungu na vigoda

Kinachotafutwa zaidi ni kikapu cha Iringa, kazi ya mikono ya wanawake wa Kihehe. Husukwa kwa milulu, nyasi za maeneo ya majimaji. Zamani kilibeba unga na nafaka. Sasa huwekewa magazeti kando ya kochi, na vile vya bapa hutundikwa ukutani juu ya televisheni. Milulu mibichi ni ya kijani. Ikikauka hugeuka rangi ya asali, ndiyo maana hupatana na mbao za mninga kuliko na kabati jeupe la kiwandani.

Vyungu vya Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa huuzwa katika gulio la Lyulilo, jirani na Matema, na hufika hadi Mbeya mjini. Wanawake huvifinyanga kwa mkono, huvisugua ving'ae na kuvitia nakshi. Chungu kikubwa mlangoni hupendeza kikiachwa kitupu. Maua ya plastiki, ambayo sebule nyingi huyatumbukiza humo, hukiharibia sura.

Vigoda vya gogo moja hutumika kama meza ndogo za kando.

Mbao

Samani nyingi mpya ni za paini kutoka Sao Hill, Mufindi, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote Tanzania. Paini ni nyepesi na nafuu, lakini laini: kikombe cha moto huacha alama. Makabati ya mninga ya nyumba za misheni na za serikali ya kikoloni ni mazito na imara. Mengi yameungwa kwa ulimi na tundu, bila misumari, hivyo fundi mzoefu huweza kuyafungua, kupiga msasa na kurudisha vanishi. Desturi mbaya ya kuyapaka rangi ya mafuta imeficha mbao nzuri nyingi.

Mifano ya wazi

Kitu cha kale kupewa kazi mpya huonekana katika Boma la Iringa, jengo la Wajerumani la mwaka 1914, lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Kwa upande wa vitu vipya, Neema Crafts, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 2003 kuwapa kazi watu wenye ulemavu, hutengeneza vitambaa vya kufuma na mapambo mengine ya nyumbani.

Sheria

Anayetaka kuongeza mlango wa kale katika mapambo yake ajue kuwa milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.