Mizani ya Pili

Kabla ya vyama vya ushirika, mkulima wa pamba wa Usukuma, toka Shinyanga hata Geita, aliiuliza mizani ya mnunuzi uzito wa mavuno yake, na mara nyingi akapokea jibu la uongo. Kugombana hakukumfaa. Yapata mwaka 1950 wakulima waliweka wapimaji wao. Mzigo uleule ukapimwa mara mbili, kosa likadhihirika. Mwaka 1952 marehemu Paul Bomani na wenzake wakaunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na 1955 Victoria Federation. Walakini tume ya Serikali ya 1966 iliona wanachama wengi hawajui mambo ya vyama vyao. Basi sisi tunaotimiza miaka kumi tusisahau: mizani ya pili ya daftari letu ni stakabadhi iliyo mkononi mwa mkulima.